GARI LA MAREHEMU NA BERINGI YA SHILINGI 12,000

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nakusimulia habari ya gari. Najua wako watakaosema, "Ustadhi naye ameacha darsa kaingia gereji." Soma mpaka mwisho, halafu uniambie kama hii si darsa. Na nina ombi moja: usisome huku ukimfikiria shemeji yako au jirani yako. Soma ukijifikiria wewe, kama mimi ninavyoandika nikijifikiria mimi.

Baba yangu, Allah amrehemu na amsamehe, aliacha Benzi. Watu wa Bagamoyo wa umri wangu mnaijua aina hiyo: Mercedes-Benz W123, ile yenye taa mbili mbili mbele na pua ya nikeli. Ilianza kutengenezwa mwaka 1976, ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1980, na zilitoka takriban milioni 2.7. Ujerumani zilikuwa teksi, Afrika nzima zilikuwa heshima. La baba lilikuwa 240D, dizeli ya silinda nne, tena otomatiki. Alilinunua 1994 kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mzee alikuwa akiliendesha polepole kama anayebeba mayai. Ijumaa analiosha mwenyewe, hataki mtoto alisogelee na ndoo ya maji ya chumvi.

Miaka miwili kabla mzee hajafariki, giaboksi ilianza kuchoka. Asubuhi likiwa baridi linakwenda. Likishapata moto, unaweka D, injini inanguruma, gari limesimama palepale. Fundi mmoja akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Mafuta ambayo yalitakiwa yawe mekundu yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Akatikisa kichwa. Gari likasukumwa chini ya mwembe, na mzee alipofariki mwaka 2019 lilikuwa palepale, kuku wanatagia kiti cha nyuma.

Tukazika, tukasoma dua, tukakaa kikao cha familia. Nyumba tuliijadili. Shamba tuliligawa. Vyombo, fedha kidogo benki, mbao za paa, vyote vikaandikwa. Gari halikuandikwa. Hakuna aliyelificha, lilikuwa pale pale tunaliona. Lakini lilikuwa bovu, na kitu kibovu nani atakihesabu?

Shika hapo. Nitarudi.

Mwaka 2023 nikapata nafuu kidogo ya fedha, nikasema nalifufua lile gari. Nikampata fundi, kijana wa hapa hapa, anayeswali nasi. Akalizunguka, akalala chini, akatoka na vumbi usoni. Akaniambia, "Ustadhi, injini hii nzima. Bodi imeliwa na chumvi ya bahari kwenye milango, lakini inatengenezeka. Tatizo ni giaboksi. Tukitaka otomatiki ileile, spea zake mpaka uagize nje, na ukifungua huku pwani sikuahidi kama itashika. Nashauri tuweke gia za mkono."

Nikamuuliza, "Inawezekana? Si tutaharibu gari la watu?"

Akacheka. "Ustadhi, kiwanda chenyewe kilikuwa kinauza gari hilihili kwa namna zote mbili. Nafasi ya pedeli ya klachi imo. Hatubuni kitu, tunafuata njia yao."

Kwa wale mtakaotaka kufanya kazi hii, nakupeni faida niliyoipata, kwa sababu elimu ni sadaka. Usinunue kipande hapa na kipande pale. Tafuta gari la aina yako, la manyuali, lililokatwa, uchukue seti nzima: giaboksi, flaiwili, klachi na presha pleti, pedeli zote, masta silinda ya klachi na silinda ndogo ya chini, mkono wa gia, mbao ya chuma inayobeba giaboksi, na propela shafti. Shafti usiisahau, kwa sababu urefu wa giaboksi mbili haulingani na shafti ya zamani inaweza isifike au ikazidi.

Tulizunguka Gerezani na Shaurimoyo siku tatu. Siku ya tatu tukapata seti, shilingi 1,450,000. Nilisimama juu ya kila kipande nikiuliza kimetoka wapi, tukapewa risiti yenye jina na namba. Fanya hivyo na wewe. Spea ya bei ya ajabu, isiyo na risiti, inaweza kuwa ni taa au kioo cha Muislamu mwenzako kilichong'olewa usiku.

Klachi pleti na rilizi beringi tukanunua mpya, 280,000. Flaiwili tukaipeleka kwa mkerezaji aisawazishe uso na kuipima uzito iwiane na ile sahani nyembamba iliyotoka kwenye otomatiki, kwa sababu injini hizi zikipewa flaiwili isiyowiana zinatetemeka mpaka zinajiua. Hiyo 90,000. Ufundi 500,000. Waya, mafuta, bolti na vikorokoro, 68,000. Na beringi moja ndogo sana, unaishika kwa vidole viwili, shilingi 12,000. Jumla 2,400,000.

Kazi ya beringi hiyo ni hii. Mhimili unaotoka kwenye giaboksi unapita katikati ya klachi, na ncha yake inakwenda kukaa kwenye tundu mwishoni mwa krenkishafti ya injini. Ndani ya tundu hilo ndimo beringi inamoingia, ncha ipate pa kuegemea. Gari la otomatiki halina beringi hiyo, kwa sababu halina haja nayo. Ukibadilisha ukaisahau, gari litawaka, litaondoka, gia zitaingia. Mteja atafurahi, atalipa. Lakini ncha ile inacheza hewani. Baada ya muda itaanza kelele, mwisho giaboksi inakufa, na wakati huo fundi ameshakula fedha yake na kusahau hata rangi ya gari.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Kazi ilichukua siku tisa. Siku ya tisa, baada ya Alasiri, tukaliwasha. Wallahi nilitokwa na machozi. Sauti ileile ya mzee ikirudi nyumbani wakati wa Magharibi. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya kwanza, tukazunguka mpaka Nianjema tukarudi. Fundi akasema aliache gereji usiku mmoja akaze bolti za mwisho, nije kuchukua asubuhi.

Usiku, baada ya Isha, simu ikalia.

"Ustadhi, gari usije kulichukua kesho."

"Kuna nini tena?"

Kimya kidogo. Kisha akasema, "Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu. Nimeikuta ile beringi ndogo kwenye kopo. Sikuiweka. Nimefunga bila beringi."

Nikamwambia, "Lakini gari linakwenda vizuri."

Akasema, "Linakwenda, ndiyo. Wewe usingejua. Mimi najua."

Akashusha giaboksi yote chini. Kazi ya siku mbili, yeye na kijana wake, na hakutaka hata nauli. Nilipokwenda na bahasha akaisukuma. Akasema neno ambalo sitalisahau: "Ustadhi, hili gari la marehemu. Mali ya marehemu ina wenyewe wengi. Siwezi kuichezea nikalala."

Ndugu yangu, mimi hapo nilifanya nini? Nilimsifu. Ijumaa ile nikamtaja kwenye mawaidha bila jina, nikasema mafundi muwe kama fulani. Nikasimulia kisa cha Mtume wetu (Swalla Llahu alayhi wa sallam) alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, juu pakavu, ndani vidole vikakuta maji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, na akawatoa wadanganyifu katika njia yake. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim. Watu wakalia msikitini. Mimi mwenyewe nilikuwa lundo lile, juu pakavu.

Maneno yake yalikuwa yamenipita. Mali ya marehemu ina wenyewe wengi. Alimwambia nani? Aliniambia mimi, ninayefundisha watu mirathi!

Na mimi nilikuwa nasema "gari langu." Nikiulizwa, "Ustadhi, umelifufua la mzee?" najibu, "Ndiyo, nimelitia gia za mkono gari langu."

Nikaendelea hivyo miezi saba.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya gia zenyewe, maana zilinifundisha jambo. Kwenye otomatiki unaweka D, mengine linajiamulia. Sijasema otomatiki ni haramu, msije mkaninukuu vibaya! Lakini kwenye gia za mkono ni lazima usikilize injini. Ujue sasa uko ya ngapi, na kwa nini. Tena fundi alinionya: otomatiki haiwaki mpaka iwe P au N, na tulipoitoa ilibidi waya ule wa ulinzi uunganishwe moja kwa moja. Kwa hiyo sasa ukiliwasha likiwa kwenye gia, linaruka mbele. Kinga iliyokuwa kwenye mashine imehamia kwako. Nikajiuliza, mambo mangapi ya dini nayafanya kwa D? Swala mguu unakwenda wenyewe, ulimi unakwenda wenyewe. Na mirathi pia: tunagawa nyumba na shamba kwa mazoea, kile ambacho mazoea hayakigusi tunakiacha kipite, na hatuulizi tuko gia ya ngapi.

Turudi. Siku moja ya msimu wa mananasi nikasema niende Kiwangwa kumwona mdogo wangu wa kike. Kaolewa huko, mumewe maradhi yamemlaza, yeye ndiye anayelima na kuuza. Nikatoka Bagamoyo asubuhi, nikavuka mto Ruvu, nikapita Makurunge na Fukayosi, gari linakwenda gia ya nne kama siku lilipotoka meli. Nikamkuta kando ya barabara anafunga mananasi kwenye bodaboda, anabishana na kijana juu ya nauli ya kuyafikisha sokoni.

Aliliona gari kabla hajaniona mimi. Akaacha kamba. Akaja akaweka mkono kwenye boneti, akasema, "Allahu Akbar. Kaka, gari la baba limefufuka."

Gari la baba.

Akalizunguka. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa mahali alipokuwa akikaa mtoto, akafunga macho. Kisha akatoka, tukapakia mananasi yake nyuma, tukampelekea sokoni. Njiani akaniambia kwa sauti ya chini, huku anatazama dirishani, "Kaka, siku mkiliuza, msinisahau. Hata kidogo tu. Nina dawa za kununua."

Msinisahau! Hakusema "haki yangu." Aliomba kama anayeomba sadaka, na ilikuwa mali yake.

Niliendesha kurudi peke yangu. Sikuwasha redio. Ile beringi ilikuwa kichwani mwangu njia nzima. Kijana wa gereji, asiyejua kusoma kitabu cha fiqhi, alishusha giaboksi usiku kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mtu angekiona. Mimi niliyesoma, kitu ambacho kila mtu anakiona kimeegeshwa mlangoni kwangu, sikukiona.

Ndugu yangu, unakijua kisa cha Saad bin Rabii (radhi za Allah ziwe juu yake)? Alikufa shahidi Uhud, mwaka wa 3 wa Hijria. Aliacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake marehemu akachukua mali yote, kwa desturi ya zama zile. Yule mama hakunyamaza. Akawashika mkono mabinti zake akaenda nao kwa Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam), akamweleza. Ikateremka aya ya mirathi. Mtume akamwita ami yao, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho chake. Kisa hiki wamekipokea akina Abu Daud na Tirmidhi. Yule ami hakuitwa mwizi, alifuata mazoea tu. Na mazoea yake yalivunjwa kwa wahyi.

Basi nikakaa na kalamu. Nikakipigia hesabu kile ambacho nimewapigia watu wengine mara nyingi.

Baba aliacha mke mmoja, ambaye ni mama yetu, wanaume wawili na wanawake watatu. Wazazi wake walishatangulia. Madeni na gharama za maziko vilikwisha lipwa, wasia hakuacha. Mama, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni, yaani fungu 1 katika 8. Yanabaki mafungu 7. Mwanamume mawili, mwanamke moja: mimi 2, mdogo wangu aliyeko Maskati 2, dada zetu watatu 1 kila mmoja. Jumla 7. Hesabu imekaa kama imepimwa kwa gari hilo.

Mimi katika Benzi lile nilikuwa na robo. Tairi moja! Matatu ya watu nilikuwa nayaendesha miezi saba, naegesha mbele ya msikiti, nashuka kwenda kufundisha amana.

Nikamwendea mzee wangu mmoja wa elimu, nikamweleza bila kupunguza. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Uliwauliza kabla ya kulitengeneza?" Nikasema hapana, ila hawakusema kitu. Akasema, "Hawakusema kitu kwa sababu wewe ni kaka yao na ni ustadhi wao. Hiyo si ridhaa, hiyo ni haya."

Akanielekeza tukae wote. Tukakaa nyumbani kwa mama, wa Maskati akiwa kwenye simu. Nikawaambia, hili gari si langu, nimekosea, chaguo ni lenu: tuliuze leo tugawane, au mnikadirie niwalipe. Mama akasema lisiuzwe, anapenda kusikia sauti yake. Tukaita watu wawili wajuzi wa magari, wasio ndugu, walithamini kama lilivyokuwa chini ya mwembe. Wakasema milioni 4. Fungu moja ni 500,000. Mama 500,000, dada zangu 500,000 kila mmoja, mdogo wangu 1,000,000. Ninadaiwa milioni 3. Miezi saba niliyolitumia nikawaomba waziwazi wanihalalishie, wakanihalalishia. Hayo ni makubaliano yetu, si fatwa. Lako mpelekee mwanachuoni wako.

Wa Kiwangwa akasema, "Kaka, mimi nimesamehe langu." Nikamwambia hapana. Kwanza zishike mkononi, zilale kwako, ukitaka kuzirudisha keshokutwa utarudisha. Nikampelekea. Hakurudisha, na Alhamdulillah hakurudisha. Alinunua dawa. Waliobaki nimewamaliza kwa miezi kumi, kila malipo yameandikwa na mashahidi wawili.

Ndugu yangu, nakuachia haya:

1. Zunguka nyumba ya marehemu wako leo. Tazama kilichobaki bila kugawiwa. Gari bovu, cherehani, mashua iliyolala ufukweni, minazi saba ya kiunga, laini ya simu yenye fedha. Kibovu nacho ni mali.

2. Usiseme "hawajadai." Dada zetu wa pwani wanafunzwa haya tangu wadogo. Kunyamaza kwao usikugeuze kuwa hati ya umiliki.

3. Msamaha wa mirathi uje baada ya mtu kushika haki yake, si kabla. Anayesamehe asichokiona hajui anasamehe nini.

4. Fuata na njia ya serikali. Cheti cha kifo, kikao cha familia chenye muhtasari, mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Kadi ya gari letu ilikuwa bado ina jina la baba, na mimi nilikuwa najiita mwenye gari.

5. Na wewe fundi, mshonaji, mwuguzi, mhasibu: unayo beringi yako. Kitu kidogo ambacho ukikiacha hakuna atakayejua. Kiweke.

Gari lipo. Leo Alfajiri nimeliwasha kwenda msikitini, klachi chini, gia huru kwanza. Sasa nikiulizwa la nani nasema ni langu, nimelinunua kwa wenyewe, mama yangu na ndugu zangu.

Yaa Allah, tusamehe tuliyoyachukua kwa kujua na kwa mazoea. Tupe ujasiri wa kurudisha kabla hatujarudishwa kwako. Warehemu wazazi wetu, na usijaalie mali waliyoiacha iwe moto katika matumbo yetu. Mlipe yule kijana wa gereji kheri ambayo mimi sikuweza kumlipa. Aamin.

Ukiguswa, usiniandikie "MashaAllah Ustadhi" halafu ukapita. Mpigie dada yako simu kwanza. Kisha umfikishie na mwenzako ujumbe huu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.